Mche Haujazoea Jua

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Kazi hii nimeifanya kwa miaka 20. Leo nataka kukueleza kosa nililolifanya mwanzoni, ili wewe usilifanye.

Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu. Mama mmoja mjane alikuwa na miche 30 ya mipapai ndani ya makopo. Aliilea nyumbani karibu na dirisha, mbali na kuku na mbuzi. Alitaka kuuza mapapai, anunue sare za shule za watoto wake. Aliniuliza, "Bwana shamba, niihamishe lini?" Nikamjibu, "Leo hii, mama." Ilikuwa saa 7 mchana. Tuliing'oa miche, tukakung'uta udongo, tukapanda. Jioni majani yalikuwa yamelala. Baada ya siku 4 ilibaki miche 3 tu.

Mama yule hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, hukuniuliza ilikuwa inakaa wapi." Maneno hayo sijayasahau.

Mche uliokua ndani haujazoea jua. Majani yake ni laini. Tena mizizi ya mpapai haipendi kusumbuliwa. Ikikatika, mche haupati maji ya kutosha.

Basi fanya hivi. Otesha mbegu kwenye kopo lililotobolewa chini. Miche ikifika urefu wa shibiri moja, anza kuizoeza. Siku ya kwanza itoe nje asubuhi kwa saa moja. Kila siku ongeza muda kidogo. Baada ya siku 7 hadi 10 itavumilia jua la kutwa.

Chimba mashimo mapema. Changanya udongo na samadi iliyooza. Siku ya kupanda, ngoja jioni. Mwagilia kopo kwanza. Kisha lipindue taratibu, mche utoke pamoja na udongo wake wote. Panda, mwagilia, na uweke kivuli cha nyasi kwa siku chache.

Msimu uliofuata nilirudi kwa mama yule na mbegu. Safari hii niliuliza, nikasikiliza. Tulipanda miche 12, na yote ilishika. Mapapai yalipoiva aliniita, akanipa moja. Nililila kwa furaha, na kwa aibu kidogo.

Ndugu msomaji, usiuharakishe mche wako. Uzoeze kwanza, ndipo uuhamishe. Nawe ukimwona bwana shamba ana haraka, mwambie aulize kwanza.