Uwanja ni wa Wachezaji

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii twaifahamu sote, walimu kwa wanafunzi, na aghalabu twaifasiri kwa upande wa kutunzwa tu. Ni wachache wanaolitazama lile neno "kwao". Mchezo una kwao: una uwanja wake, kanuni zake na watu wake. Mambo hayo matatu yakitenganishwa, hata kama mchezo utaendelea kuitwa kwa jina lile lile, anayeucheza hayuko kwao tena. Jambo hili nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe, kisha nikalithibitisha mahali ambapo sikutarajia kabisa, yaani katika michezo ya vijana inayochezwa kwa njia ya intaneti.

Mwaka 2006 nilikuwa afisa utamaduni katika wilaya moja ya pwani. Kila mwaka baada ya mavuno palikuwa na mashindano ya ngoma. Kundi moja liliweza kucheza saa nzima, watu wakiwa wamelizunguka. Mama aliyependezwa aliingia kati kumtunza mchezaji. Kijana aliyepandwa na mori aliingia kucheza. Na jioni ilipotua ilikuwa vigumu kumtenga mchezaji na mtazamaji. Mwaka uliotangulia ngoma zilichelewa mno, na mgeni rasmi akaondoka kabla ya kutoa zawadi. Niliona aibu. Basi nikaketi ofisini, peke yangu, nikaandika kanuni mpya: kila kundi lipewe dakika 10, wachezaji wasizidi 12, wapande jukwaani na kuielekea meza kuu, watazamaji wakae vitini, na kutunza kungoje mwisho. Mashindano yalikwisha saa kumi na moja jioni, kama nilivyopanga. Nilipongezwa, nami nikazipokea pongezi zile kwa furaha.

Mwaka 2007, kati ya makundi 9 yaliyozoea kuja, yalikuja 4. Nikamwendea manju mmoja mzee kumwuliza sababu. Alinijibu kwa upole ulionichoma kuliko matusi: "Bwana Utamaduni, hatukukukasirikia. Lakini pale jukwaani tulikuwa tunafanya kazi yako. Ngoma yetu tunaichezea nyumbani."

Maneno hayo yalikuwa bado yananisumbua, Desemba mwaka ule ule, alipokuja kwangu likizo mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kila alipopata senti alikwenda intaneti kafe kucheza mchezo uitwao RuneScape. Siku moja alirudi mapema, amenuna. Nikamwuliza kulikoni.

"Mjomba, wameubadilisha mchezo," akasema. "Sasa hata kumpa rafiki yangu upanga wa maana siruhusiwi."

Nilitaka kucheka. Lakini nilimtazama usoni nikaona uso ule ule wa manju. Nikavuta kiti, nikamwambia anieleze tangu mwanzo.

Kwa msomaji asiyeijua michezo hii, yafaa nieleze kwamba maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali huingia kwa wakati mmoja katika nchi ya kubuni, kila mmoja akiigiza mhusika aliyemchagua. Humo hukata kuni, huvua samaki, hufua chuma, hupigana na majoka, hubadilishana mali na kuunda vyama. RuneScape ilianzishwa nchini Uingereza mwaka 2001 na Andrew Gower akishirikiana na ndugu zake. Iliweza kuchezwa bila malipo na kwa kompyuta dhaifu, na ndiyo sababu mtoto wa kwetu aliweza kuufikia uwanja huo.

Upande wa kaskazini wa nchi ile ya kubuni palikuwa na nyika ambamo mchezaji aliweza kumshambulia mwenzake na kumnyang'anya mali. Wengi walioingia nyikani waliingia na wenzao, maana peke yao wangekuwa hatarini zaidi. Desemba 2007 kampuni iliyamaliza mapigano hayo ya nyikani, na Januari 2008 ikaweka pia mipaka mikali katika kupeana na kuuziana vitu. Sababu yake haikuwa ya upuuzi. Walikuwapo walanguzi waliokusanya mali za mchezoni ili kuziuza nje kwa fedha halisi, nao walikuwa wakiwaharibia wengine. Lakini wavu uliotegwa kumnasa mlanguzi ulimnasa na rafiki. Zawadi, mkopo na msaada kwa mgeni vikawa navyo mashakani. Wachezaji waliandamana humo humo mchezoni, na wengi wakauhama.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za michezo hii kila nipatapo nafasi, na hakuna uliounishangaza kama Star Wars Galaxies. Mchezo huo ulitolewa nchini Marekani Juni 2003, na msanifu wake mkuu alikuwa Raph Koster. Mtu aliyetoka vitani alikuwa na uchovu ambao dawa ya kawaida haikuuponya. Ilimpasa aende ukumbini, akae, atazame wacheza ngoma na wapiga muziki, mpaka nguvu zake zimrudie. Wacheza ngoma hao nao walikuwa watu hai, waliochagua kazi hiyo badala ya bunduki. Kadhalika silaha zilitengenezwa na wachezaji wenyewe, nazo zilichakaa, hata mpiganaji akalazimika kumrudia fundi. Miji ilijengwa na wachezaji, wakajichagulia mameya. Waama, waliokuwa wakingoja uchovu uwatoke ukumbini ndio waliofahamiana, wakasimuliana, wakawa majirani.

Novemba 2005 wenye mchezo waliubadilisha karibu wote kwa mara moja. Kazi 34 zilipunguzwa zikawa 9, na mapigano yakafanywa ya haraka. Walitaka kuwavutia watu wapya walioona mchezo ni mgumu na wa polepole. Fundi aliyejijengea jina kwa miaka miwili aliamka akakuta ufundi wake hauna maana kama jana. Watu wakaondoka kwa vyama vizima, miji ikabaki majumba matupu, na tarehe 15 Desemba 2011 mchezo ukafungwa. Hata hivyo wapo wapenzi wake waliojitolea, bila mshahara, kuijenga upya kwa mikono yao ile sura ya zamani. Uaminifu wao ulikuwa kwa uwanja waliofahamiana ndani yake. Kwa kampuni haukuwapo.

Niliposoma habari hizo nilikumbuka saa yangu ya mkononi siku ile ya mashindano. Nilichokiita kupoteza wakati ndicho kilichokuwa ngoma yenyewe. Kungojana, kutunzana, kuingia bila kualikwa: hayo niliyaona kuwa ni kasoro za mpango, kumbe ndiyo nyuzi zilizowashona watu pamoja. Mpangaji akikata uzi asioujua kazi yake, hana haki ya kushangaa nguo ikifumuka.

Je, maana yake ni kwamba kanuni zisibadilishwe kamwe? Hasha. Utamaduni usiobadilika hubaki makumbusho. Historia ya RuneScape yenyewe yatupa jibu. Kati ya Desemba 2010 na Januari 2011 wachezaji waliulizwa kama wanataka nyika na biashara huru zirudishwe. Zilipigwa kura zaidi ya milioni moja, na asilimia 91 wakakubali. Mwezi uliofuata vikarudishwa. Lakini Novemba 2012 kampuni iliubadilisha tena mtindo wa mapigano, na watu wakahama tena. Februari 2013 mpwa wangu, ambaye wakati huo alikwisha kuajiriwa, alinipigia simu usiku kwa furaha: "Mjomba, wanaturudishia ule wa zamani!" Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya kura nyingine, ilitolewa upya sura ya mchezo kama ilivyokuwa Agosti 2007.

La muhimu zaidi ni lililofuata. Mchezo huo wa zamani haukugandishwa. Umeongezewa visiwa, kazi na mashujaa wapya, lakini jambo jipya lilipasa kwanza kupelekwa kwa wachezaji, na halikuingia mpaka asilimia 75 waliridhie. Kiwango hicho kilishushwa baadaye kuwa asilimia 70. Leo tawi hilo lina wachezaji wengi kuliko mchezo ule uliokuwa umesonga mbele bila wao.

Nami mwaka 2008 niliwaita manju wote chini ya mwembe. Nilikiri kosa langu, nikawaomba wao waseme. Jukwaa likaondolewa, duara likarudi. La ajabu ni kwamba wao wenyewe walipendekeza kila kundi lisizidi nusu saa, ili na akina mama wa mbali wawahi kurudi kwao. Kanuni ile ilishikwa bila askari wala kengele. Yalirudi makundi 8. La tisa lilikuwa la yule manju mzee. Alikuwa amefariki kabla ya mavuno, na vijana wake walikwisha kutawanyika mijini. Nyimbo zake sikuzisikia tena, wala sikumkuta mtu aliyezijua zote. Kura zaweza kurudisha mchezo uliohifadhiwa katika kompyuta. Ngoma iliyohifadhiwa kifuani mwa mtu haingoji afisa ajirudi.

Kwa hiyo nawausia vijana wanaosoma kurasa hizi, ambao kesho watapanga mashindano, masoko, shule na programu za kompyuta. Kabla hujafuta kanuni, kaa kwanza duarani ujue inawaunganisha akina nani. Nimeyafunga mawazo hayo kwa ubeti huu:

Uwanja ni wa wachezi, si wa mchora mipaka,
Ngoma hugeuka kazi, watu wasipozunguka,
Ukipuuza wajuzi, nao watakuepuka,
Usibadili kanuni, pasi wenyewe kutaka.