Barua kwa beki wa Ruangwa

Nachingwea,
Jumapili jioni

Mwanangu,

Ufuta tumeshaupeleka mnadani, sasa tunapalilia mikorosho.

Baba yako ameniambia umemwomba mwalimu akutoe beki akupeleke mbele, kwa sababu mechi ikiisha watu humtaja aliyefunga. Basi nikuambie: Jumamosi nilipanda gari kuja Ruangwa bila kukuarifu, nikasimama nyuma ya goli lenu. Dakika za mwisho yule winga wao alikujia mara tatu. Hukumvamia. Ulirudi nyuma taratibu, ukamsukumia pembeni, hadi uwanja ukamwishia kwenye kibendera. Hakuna aliyepiga makofi. Mimi nilitokwa na machozi, maana miaka yote niliyocheza sikuwahi kuwa na subira ile.

Kitu ninachokudai ni sauti tu. Krosi ilipokuja, kipa alitoka nawe ukanyamaza, mkagongana. Ukiwa sentahafu unauona uwanja wote mbele yako. Sema unachokiona, hata kama wenzako ni wakubwa zako.

Mtazame Julietha Singano. Ni beki wa kati. Mwaka 2022 alitoka Simba Queens akaenda Juárez, kwenye ligi kuu ya wanawake ya Mexico, na kilichomvusha bahari ni kukaba. Kabla yake alikuwapo Sophia Mwasikili, naye beki, nahodha wa Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, iliyocheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010 kule Afrika Kusini. Baadaye akacheza Uturuki. Na siku hizo hata ligi kuu ya wanawake hatukuwa nayo, ilianza msimu wa 2016/17. Tukaja kurudi kwenye fainali hizo Julai 2025 nchini Morocco, tukatoka 1-1 na Afrika Kusini, mabingwa watetezi. Sare kama ile haipatikani bila mabeki kusimama.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Nasikia kuna timu inakuulizia. Mimi goti langu liliumia mazoezini, na makubaliano yangu na timu yalikuwa ya mdomo. Wiki ya kwanza walinipigia simu, ya pili wakanyamaza. Baba yako ndiye aliyeuza magunia mawili ya korosho nikatibiwa, na sikurudi tena uwanjani. Kwa hiyo usiweke saini huko huko. Lete karatasi nyumbani tuisome pamoja: mshahara kiasi gani, mkataba miaka mingapi, ukiumia nani anagharamia, na mtihani wako wa kidato cha nne utaufanyia wapi. Wakikuambia lazima usaini leo leo, waambie, "Shangazi yangu bado hajasoma."

Ukitaka kufunga, panda kwenye kona. Kichwa unacho, na mwalimu hatakukataza. Ila kona ikiishia mikononi mwa kipa wao, rudi mbio.

Nimempa dereva daluga zako mpya pamoja na mfuko wa korosho wa bibi. Daluga zimezidi kidogo, vaa soksi mbili. Jumamosi nitakuja tena. Nitasimama nyuma ya goli lenu, na mkibadilishana upande kipindi cha pili nitahamia huko.

Shangazi yako