Saa Isiyokula Betri

Wahenga walinena kwamba wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Mimi niligongana na ukuta huo Jumatatu moja ya muhula wa kwanza, nikiwa nje ya lango la shule, jasho likinitiririka kama mtu aliyetoka kuogelea. Saa yangu ya mkononi ilikuwa imezima usiku. Kioo chake kilikuwa kitupu, hakina hata nambari moja. Sisi wa shule ya kutwa hatuamshwi na kengele ya bweni, na simu haziruhusiwi shuleni. Saa ikizima, umekwisha.

"We kijana, saa hizi ndio unakuja?" mwalimu wa zamu akaniuliza.

"Saa yangu imekufa, mwalimu."

"Pole sana. Basi nenda ukaizike. Chukua reki na ndoo, ukasafishe pale kwenye shimo la taka."

Wenzangu waliokuwa dirishani waliangua kicheko. Nami nikaenda, shingo upande.

Shimo letu la taka mnalijua nyote. Liko nyuma ya jikoni, na kila Ijumaa hutiwa moto. Nilikuwa nikizoa makaratasi pembeni mwake nilipoona mkanda wa plastiki wa rangi ya kijani, umeungua upande mmoja. Nikauokota. Upande wa ndani kulikuwa na herufi mbili zilizoandikwa kwa kalamu, nazo zilikuwa herufi za jina langu! Ilikuwa saa yangu ya pili, ile iliyoingia maji nikiwa kidato cha pili, nikaitupa ndani ya pipa la darasa. Siku ile nilidhani imekwenda zake. Kumbe haikwenda popote. Ilikuwa hapo hapo, hatua chache kutoka dawati langu. Niliitafuta betri yake katika majivu nisiione.

Nikaanza kupiga hesabu. Saa ya kwanza niliinunua Kongowea kwa shilingi 250, ikakatika mkanda. Ya pili ilikuwa shilingi 200. Ya tatu, hii iliyokufa, shilingi 250. Shilingi 700 kwa miaka miwili na ushei, na sikuwa na saa.

Jioni nilipofika nyumbani Changamwe niliamua kuifungua ile ya tatu mwenyewe, maana sikuwa na pesa za fundi. Nilichukua kisu cha jikoni nikakibenua kifuniko cha nyuma. Betri ikaruka, duara nyembamba kama sarafu, ikabiringika hadi mvunguni mwa kitanda. Nilikuwa nimechoka. Nikajiambia, nitaitafuta kesho.

Kesho yake alfajiri nilizinduliwa na ukelele wa Mama. Mdogo wangu, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu, alikuwa ameketi sakafuni akitafuna kitu. Mama alimtia kidole kinywani akakitoa. Ilikuwa ile betri.

Tulimkimbiza zahanati hivyo hivyo, Mama akiwa na leso moja tu begani. Muuguzi alimchunguza kwa makini, akasema Mungu ametunusuru, hakuimeza. Kisha akanigeukia. Alinieleza kwamba betri ya aina ile ikikwama kooni mwa mtoto, umeme wake hukutana na majimaji ya mwili, ikatokea kemikali kali inayounguza nyama. Hayo huweza kutokea kwa muda wa saa mbili tu. Tena hata betri tunayosema imekwisha huwa bado ina nguvu ya kufanya hivyo.

Mama hakunipiga. Laiti angenipiga! Alinyamaza njia nzima. Jioni ile, baada ya kuuza mahamri yake, alihesabu noti na sarafu akaniwekea mezani shilingi 600.

"Nunua saa," akasema. "Moja, mwanangu. Na isiwe ya kuniulia mtoto."

Msomaji mpenzi, nilikuwa nimenunua saa tatu bila ya kuuliza swali lolote isipokuwa, "Bei gani?" Sasa ikanibidi niulize mengine.

Nilianza kwa mwalimu wetu wa Fizikia. Alinieleza kwamba ndani ya saa ya betri mna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi. Umeme ukipita, jiwe hilo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja, na saa huhesabu mitetemo hiyo. Saa ya kwanza ya mkononi ya aina hiyo iliuzwa Japani mwaka 1969. Ni uvumbuzi mkubwa, kwani saa hizo hazipotezi dakika kwa urahisi. Lakini bila betri, jiwe halitetemeki.

"Na ile ya jua je, mwalimu?" nikamuuliza.

Akasema hiyo ni nzuri zaidi. Mwanga wa jua, au hata wa taa, hupenya usoni mwa saa ukageuzwa umeme, na umeme huo huwekwa katika betri ndogo ya ndani inayoweza kudumu miaka mingi bila kubadilishwa. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Jumamosi nikaenda mjini. Katika duka la kwanza, bei niliyotajiwa ilikuwa ya maelfu, nikatoka kimya kimya kama niliyeingia kwa bahati mbaya. Barabarani mchuuzi mmoja akanionyesha nyingine ya shilingi 400, imechorwa jua usoni.

"Haina betri hii?" nikauliza.

"Betri iko, lakini ni betri ya sola," akanijibu bila haya.

Nikamrudishia saa yake.

Mwalimu wa Kemia naye alinipa somo ambalo sijalisahau. Zamani betri nyingi ndogo za duara zilitiwa zebaki. Akatusimulia habari za Minamata, mji wa pwani huko Japani, ambako kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini. Zebaki ikaingia katika samaki, na samaki wakaingia katika watu. Ugonjwa wao ulitambuliwa mwaka 1956, na watoto wengine walizaliwa nao. Ndiyo sababu mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, ukapewa jina la mji huo. Mkataba huo uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje bidhaa kadhaa zenye zebaki, zikiwemo betri nyingi.

Mimi ni mtoto wa pwani. Kila asubuhi matatu yetu hupita Kibarani. Wenzangu wa rika langu wanakumbuka jaa lililokuwa pale ukingoni mwa maji, na harufu iliyotufanya tufunge madirisha hata kwenye joto la Februari. Lilifungwa mwaka 2018, miti ikapandwa. Nilipowasikiza walimu wangu nilijiuliza: saa yangu ya kwanza niliitupa wapi?

Basi nikarudi nyumbani na shilingi 600 zangu, sina saa. Nilipomweleza Nyanya safari yangu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Unahangaika na masaa ya watu, na ya babu yako imelala sandukuni?"

Babu alikuwa mpakuzi wa shehena bandarini Kilindini. Alipofariki, Nyanya aliifunga saa yake katika kitambaa akaihifadhi. Ni saa ya chuma, ya kutiwa ufunguo kwa mkono. Haina betri, ina kamani tu. Kwanza nilimpelekea mwalimu wa Fizikia aitazame, maana alinionya kwamba si kila cha kale ni salama. Saa nyingi za zamani zilipakwa radiamu ili zing'ae gizani, na radiamu hutoa miale ya hatari. Wasichana waliofanya kazi ya kuzipaka huko Marekani miaka ya 1920 waliugua na wengine wakafa, kwa kuwa walichonga ncha za brashi kwa midomo yao. Ya Babu haikuwa na rangi hiyo. Mishale yake ni chuma kitupu.

Kisha nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na Mwembe Tayari. Aliifungua, akatia kioo chake jichoni, akanyamaza kitambo.

"Hii haijafa," akasema. "Imekauka mafuta. Wewe ukilala miaka kumi bila kula, utaamka?"

Aliitenganisha kipande kwa kipande, akaisafisha, akaitia mafuta. Nikamuuliza kwa nini hakuweza kunitengenezea zile zangu tatu. Akasema zile hazikutengenezwa zifunguliwe. Kazi yake ilikuwa shilingi 450. Fundi viatu akanishonea mkanda kwa masalio ya ngozi ya mkoba, shilingi 100. Mama nikamrudishia 50 zake.

Sitawadanganya kwamba mambo yote ni sawa. Saa ya Babu hubaki nyuma dakika nne kila siku, kwa hivyo huirekebisha kwa redio kabla ya habari ya saa moja asubuhi. Lazima niitie ufunguo kila nikiamka. Siku moja nilisahau, nikakutana tena na mwalimu wa zamu na reki yake. Mvua ikinyesha huivua nikaificha mfukoni. Tena Babu aliitegea majira ya Kiswahili, na Nyanya alikataa katakata ibadilishwe. Saa moja asubuhi, mshale uko kwenye moja. Jirani yangu wa dawati alipoitazama mara ya kwanza alisema, "Hii saa yako imepotea njia, bana!" Nikamwambia, mwanachama mzima wa chama cha Kiswahili asiyejua saa ya Kiswahili, nani aliyepotea?

Marehemu Profesa Wangari Maathai alipozuru Japani mwaka 2005 alilipenda sana neno lao moja, mottainai, akalieneza duniani. Ni neno la kusikitikia kitu kinachopotezwa bure. Mama hajui Kijapani, lakini nadhani siku ile aliponihesabia sarafu zake za mahamri alikuwa akisema neno hilo hilo.

Wenzangu, sisemi kila mtu akachimbue saa ya babu yake. Aliye na uwezo anunue ya mwanga itakayodumu. Asiye nao, aitunze aliyo nayo, na kabla ya kununua nyingine amuulize mchuuzi kama inafunguka na kutengenezeka. Betri iliyokwisha isiachwe penye mtoto, wala isitupwe shimoni. Katika maabara sasa mna chupa yenye kifuniko cha kukaza, aliyotupa mwalimu wa Kemia. Ina betri 23, zinangoja kukabidhiwa wakusanyaji wa taka za elektroniki. Leteni zenu.

Mdogo wangu siku hizi hupenda kuweka sikio mkononi mwangu asikilize. "Inatembea," husema.

Ningeandika mengi zaidi, lakini saa ya Babu inaniambia ni saa saba kasoro dakika moja. Basi ni saa saba kamili, na hiyo ni kengele ya chakula. Kwaherini.