Kibao cha Madrasa na Sanduku Lake la Umeme



Wazazi kadhaa wa hapa Buyenzi, Bujumbura, wametuuliza kwa nini vijana wa darasa la juu walionekana Jumamosi kadhaa uani kwa fundi, mikono imejaa lami, badala ya kuwa na misahafu yao. Tunajibu hapa ili jawabu liwafikie wote.

Kibao cha neoni cha madrasa yetu, chenye hilali ya kijani, kiliwekwa wakfu na mzee mmoja wa mtaa ambaye ameshatangulia mbele ya haki. Wakati wa mvua kilizimika. Mirija yake ya kioo ilikuwa mizima. Kilichokufa ni transfoma, lile sanduku zito la chuma lililofungwa nyuma. Kwenye kamati rai zikawa tatu: liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa ajili ya shaba yake, au tununue kibao kipya cha taa za LED, au, kama alivyotaka fundi, lifunguliwe kwanza.

Mali ya wakfu haiuzwi kwa sababu tu imetuchosha. Imam Nawawi katika Minhaj ametaja mikeka ya msikiti iliyochakaa, na maboriti yaliyovunjika ambayo hayafai tena ila kuni, na kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa vitu hivyo vyaweza kuuzwa. Linaloangaliwa hapo ni kuisha kwa manufaa. Sasa manufaa ya sanduku letu yalikuwa yamekwisha? Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyekuwa ameliona ndani. Tukakubaliana na fundi.

Lakini kuna jambo lililotutia hofu kuliko hilo la wakfu. Kijana mmoja wa miaka 16 alitujia baada ya darsa akasema, "Ustadhi, kama limekufa naomba nipewe mimi, nitalitengeneza nichoree mbao." Akatuonyesha kwenye simu video ya mtu anayelowesha ubao kwa maji ya magadi, anagusisha nyaya mbili za transfoma kama hii, na umeme unachoma ubao michoro kama mizizi ya mti. Michoro inapendeza, hatukatai. Ila mwaka 2022 huko Wisconsin, Marekani, watu wawili walikufa kwa kazi hiyo hiyo, na si wao peke yao. Wazazi, tazameni simu za watoto wenu.

Tungeweza kumkataza tu na kufunga mlango. Tukaona kijana aliyekatazwa bila kuelezwa atalitafuta sanduku jingine kwa wauza vyuma, tena atalifungua peke yake. Basi tukawapeleka wote kwa fundi.

Sanduku lilikuwa limeandikwa 220 V kwa 10,000 V, na milliampea 30. Yaani kwa kila mzunguko mmoja wa waya upande wa kuingilia, upande wa kutokea una mizunguko kama 45, ya waya mwembamba mfano wa unywele. Vijana walicheka waliposikia milliampea 30, wakaona ni kidogo. Fundi akawaambia hizo zinatosha kusimamisha moyo, na kwamba kifaa cha kukata umeme nyumbani hakitazuia, kwa kuwa hakioni kinachotokea upande wa pili wa transfoma. Kicheko kikaisha.

Ndani kote kumejazwa lami ili unyevu na hewa visiingie. Wako wanaoiyeyusha kwa moto, nalo ni jambo baya, moshi wake una madhara na lami yenyewe hushika moto. Sisi tuliloweka ndani ya mafuta ya taa siku nyingi, mbali na jiko, tukakwangua kwa vijiti vya mbao ili tusikwaruze waya. (Mama mmoja amelalamika kuwa kanzu ya mwanawe haitakati tena. Ni kweli, mama, haitatakata.)

Kati ya koili ya kuingilia na zile mbili za kutokea mna vibunda vya vibati vya chuma, na hapa fundi alisimama sana. Gesi ndani ya mrija ikishawaka hupitisha umeme kwa wepesi unaozidi kuongezeka, na ingeachiwa ingevuta mpaka kila kitu kiungue. Vibati hivyo ndivyo vinavyoizuia isipite kiasi chake. Yupo anayevitoa ili apate nguvu zaidi. Fundi alimtazama yule kijana wetu aliposema hivyo, naye akainamisha kichwa.

Mita ikaonyesha koili moja nzima, ya pili imekatika. Ubovu ulikuwa mahali padogo: kikombe cha kauri cha juu kilikuwa na ufa, maji yakapenya, na waya ukaliwa na kutu ya kijani pale unapoungana na kichwa chake. Koili yenyewe haikuungua. Manufaa hayakuwa yamekwisha, na suala la kuuza likaishia hapo.

Fundi aliunga waya, akabadilisha kikombe, akamimina resini kidogo kidogo isibaki hewa ndani, akaunganisha upya waya wa ardhini. Siku ya kujaribu vijana walikaa nje ya kamba, na aliyegusa swichi ni yeye peke yake.

Waliosema LED ni nafuu wamesema kweli, na siku mirija itakapovunjika huenda tukarudi kwao. Kwa sasa kibao kinawaka baina ya Maghrib na Isha, na ufunguo wa swichi anao muadhini. Yule kijana huenda kwa fundi kila Jumamosi baada ya darsa. Anafundishwa kusuka koili za mota za pampu za maji. Plagi bado hajaruhusiwa kuishika.

Wabillahi tawfiq.