Geuza Jani Kwanza: Matembezi ya Bustani Nyarugusu



Mwezi wa nane ni mwezi wa vumbi hapa Nyarugusu. Mvua bado, na udongo mwekundu unapanda mpaka juu ya paa. Asubuhi moja nilitoka kwetu kwa miguu kwenda kumsalimia mama mmoja wa zoni nyingine.

Njiani niliangalia bustani. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1996, na watu wamejifunza kulima mahali padogo: lengalenga pembeni ya jiko, sukuma wiki kwenye gunia, nyanya karibu na bafu ili maji ya kuoga yasipotee. Tangu mgao wa chakula ulipokatwa mwaka 2023, bustani hizo si mapambo. Ndiyo mboga ya jioni.

Nilimkuta mama ameinama juu ya gunia lake. Miche yake 10 ya sukuma wiki ilikuwa imekunja majani, inanata, na sisimizi wanapanda na kushuka.

"Mwanangu, hawa sisimizi wananimalizia mboga," aliniambia. Mkononi alishika chupa ya soda yenye dawa aliyouziwa bila karatasi ya maelezo.

"Mama, ngoja kidogo. Tugeuze jani kwanza."

Chini ya jani tuliwakuta wenyewe: wadudu mafuta, ambao wengine wanawaita vidukari. Ni wadogo kama kichwa cha pini, wamebanana. Hao ndio wanaofyonza maji ya mmea. Sisimizi wanafuata utamu wanaoutoa, tena wanawalinda. Jike anazaa bila dume, na mtoto wake naye anaanza kuzaa baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Ndiyo maana ukichelewa kidogo, unakuta wamejaa.

Ile chupa tuliiweka mbali na watoto. Dawa usiyoijua, hujui mboga ikae siku ngapi ndipo iliwe, na watoto wanakula kesho.

Tulifanya hivi. Majani yaliyojikunja sana tuliyakata na kuyafukia. Waliobaki tuliwaponda kwa vidole. Kisha tuliyeyusha sabuni ya kipande, kiasi cha ncha ya kidole gumba, katika lita 1 ya maji. Sabuni ya unga hapana, inaweza kuunguza majani. Tulijaribu kwa mche mmoja, na kesho yake, tulipoona haukuungua, mama akapangusa mingine yote jioni kwa kitambaa, hasa chini ya majani. Asubuhi akaisuuza kwa maji kidogo. Baada ya siku 5 akarudia, maana sabuni inaua wale tu inaowagusa.

Niliporudi baada ya wiki mbili, miche 2 ilikuwa imekufa na 8 imenyooka. Juu ya jani alitembea mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, mviringo kama nusu ya haragwe. Mama akanyoosha kidole amponde.

"Huyo muache, mama! Anakula wadudu mafuta. Ni askari wako bila mshahara."

Alicheka, akanifungia lengalenga nipeleke nyumbani.

Basi ndugu msomaji, leo jioni kabla ya kumwagilia, waite watoto mgeuze majani pamoja. Macho yao yanaona vidogo kuliko yetu.