Mamangu Hajarogwa, Dawa Ndiyo Ghali

Hebu tuache hii mambo ya kuambia kila mtu mwenye maumivu ya viungo akaombewe kwanza. Mamangu ni fundi wa nguo. Miaka minne iliyopita vidole vyake vilianza kufura. Asubuhi mkasi haushikiki, hata vifungo vya blauzi nilikuwa namfungia mimi. Majirani wakasema amerogwa na fundi mwenzake, na huyo fundi ndiye alikuwa anatuletea uji! Hospitalini wakasema ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwenyewe.

Vidonge vilisaidia kidogo tu. Ndipo daktari akataja adalimumabu. Ukiona jina la dawa linaishia na "mab", jua ni kingamwili iliyotengenezwa maabara, inalenga kitu kimoja tu. Hii inakamata TNF, protini inayochochea huo uvimbe. Ni sindano moja kila wiki mbili.

Shida ni kwamba TNF hiyo hiyo inasaidia kufungia wadudu wa TB waliolala mwilini, na hapa kwetu wengi tunao bila kujua. Mama alipimwa TB kwanza, akapigwa picha ya kifua, akameza dawa za kuzuia. Ukiona mtu anataka kukudunga hii kitu bila kukupima TB, uliza maswali.

Mwezi wa tatu mama alikata kitambaa mwenyewe. Nililia, sitadanganya.

Sasa pesa. Sindano mbili za mwezi zinashinda kile cherehani inaleta. Tulifanya harambee, ikaisha. Na dawa yenyewe inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, lakini isigande. Nilikuwa naipanda nayo matatu ndani ya kikasha cha barafu, nimeifunga na leso isiguse barafu. Stima ikipotea, naanza kuhesabu dakika.

Kinachoniudhi ni hiki: Marekani iliikubali dawa hii mwisho wa 2002. Ulaya wameuza nakala zake tangu 2018, na huko bei ilishuka. Mgonjwa amuulize daktari wake kama kuna nakala ya bei nafuu. Sisi hatukuuliza mwaka mzima, na hakuna aliyetuambia.

Mwezi huu mama hajadungwa. Jana usiku alinipa chupa ya maji nimfungulie, akageuka akaangalia televisheni.