Mkwaju Mmoja

Kazi ninayotaka kuwashirikisha ilianza na kompyuta iliyokufa. Koperative moja ya akiba hapa Bukavu ilikuwa ikitumia programu iliyoandikwa mwaka 2012 na mwanafunzi ambaye alikwisha kuhama mji. Programu hiyo iliorodhesha wanachama, ikajumlisha akiba zao, na kila mwisho wa mwaka ikagawa faida. Kompyuta ilipoharibika, wakanunua nyingine, wakaniita niihamishie programu humo. Diski ya zamani ilikuwa bado inasomeka. Nilidhani ni kazi ya siku mbili.

Programu ilikuwa imeandikwa kwa Python 2. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitunga lugha hiyo, alitoa Python 3 pamoja na wenzake mnamo Desemba 2008, wakikubali wazi kwamba msimbo wa zamani hautafanya kazi humo bila kurekebishwa. Watu walipewa muda mrefu: mwisho wa toleo la 2 ulipangwa kuwa mwaka 2015, kisha ukasogezwa hadi tarehe 1 Januari 2020. Koperative ile haikujua kwamba ilikuwa imepewa muda wowote. Kwao programu ilikuwa kama kabati: likishasimama ofisini, nani hufikiri kulibadilisha?

Tofauti nyingine kati ya lugha hizo mbili hupiga kelele. Neno print, ambalo huamuru maandishi yaonekane, sasa linadai mabano. Yakikosekana, programu haianzi, nayo hukuonyesha mstari wenye kosa. Kulikuwa na chombo kiitwacho 2to3 kilichosahihisha mambo ya namna hiyo kwa dakika chache.

Majina ya watu yalinichukua siku nzima. Python 2 ilihesabu maandishi kwa baiti, si kwa herufi, na herufi kama é ilihifadhiwa kwa baiti mbili. Basi jina Thérèse, lenye herufi saba, lilihesabiwa kuwa na tisa, na katika kila orodha iliyochapwa safu za nambari zilipinda palipokuwa na jina la namna hiyo. Wanachama walikwisha kuzoea. Orodha ya kwanza iliyonyooka ilipotoka, nilifurahi kama mtoto.

Kisha nikalinganisha mgawo wa faida wa mwaka uliopita, wa zamani kwenye karatasi na wa mpya kwenye kioo. Haukufanana hata kidogo.

Sababu yake ni alama moja, mkwaju, kile kistari kilichoinama ambacho huamuru kompyuta igawanye. Katika Python 2, nambari kamili ikigawanywa kwa nambari kamili, sehemu inayobaki hutupwa kimya: 7 kwa 2 ni 3. Katika Python 3 jibu ni 3.5. Programu yetu ilitafuta kwanza asilimia ya kila mwanachama katika akiba yote, halafu ikampa asilimia hiyo ya faida. Akiba yote ilikuwa faranga 5,200,000 na faida faranga 600,000. Mwenye faranga 1,000,000 alistahili asilimia 19.23, alipewa 19, akakosa faranga 1,384 tu kati ya 115,384. Mwenye 98,000 alipewa asilimia 1 badala ya 1.88, akakosa karibu nusu ya haki yake. Na mama mmoja anayeuza sambaza katika soko la Kadutu, mwenye faranga 45,000, alistahili asilimia 0.87. Programu ilimwandikia sifuri. Faranga zake 5,192 zilibaki katika mfuko wa dharura pamoja na mabaki ya wengine.

Nilimpelekea msimamizi habari hizo. Alinisikiliza kwa upole, akasema, «Mwanangu, tulikuita uhamishe, hatukukuita ubadilishe. Tunataka hesabu zilezile.»

Kwa kanuni za kazi yetu, alikuwa na haki. Anayehamisha programu hufundishwa kulinda matokeo yake ya zamani, na Python 3 yenyewe imeacha mlango: ukiandika mikwaju miwili badala ya mmoja, sehemu hutupwa kama zamani. Niliongeza mkwaju wa pili. Mgawo ukafanana na karatasi hadi faranga ya mwisho. Jioni ile ningeweza kudai malipo yangu, na nakiri kwamba niliyahitaji sana.

Sikulala vizuri. Asubuhi niliufuta mkwaju wa pili, nikachapa orodha zote mbili, nikaomba kusema mbele ya kamati nzima. Mzee mmoja aliuliza mwizi ni nani. Nikajibu kwamba hakuna; yule mwanafunzi hakujua, na mashine ilitii. Walinyamaza kwa muda mrefu. Mwishowe mtunza hazina akasema kwamba fedha za mfuko zipo, na kwamba walipwe wote ambao hesabu zao zinaweza kuthibitishwa. Msimamizi aliunyanyua mkono wake wa mwisho, lakini aliunyanyua.

Nilikwenda Kadutu pamoja na mtunza hazina kumweleza yule mama. Miaka yote alikuwa akiambiwa kwamba akiba yake ni ndogo mno, haizai, naye aliamini, kwa kuwa ilitoka kwenye mashine. Alifuta mikono, akatoa daftari chini ya meza, akatuonyesha kila tarehe aliyoweka fedha, tangu 2014. Aliuliza swali moja tu: «Na mwaka ule nilioziondoa nusu kwa kuwa hazizai, mtauhesabu namna gani?»

Nimekwisha kukokotoa upya miaka mitano. Mafaili ya 2016 na 2017 hayafunguki, na karatasi zake ziliingiwa na maji. Kwa miaka hiyo miwili tunatumia daftari lake.